Kununua gitaa mtandaoni bila kulishika kwanza: mwongozo kamili

Video ya muuzaji haikupi sauti halisi ya gitaa. Kipaza sauti cha simu humeza besi, chumba kitupu huongeza mwangwi, na anayelipiga mara nyingi ni fundi ambaye hata debe lingeimba mikononi mwake. Kwa hiyo mtu anayenunua gitaa asilolishika aache kuwinda sauti, awinde vinavyopimika: unyoofu wa shingo, kimo cha nyuzi, aina ya ubao, jina kamili la modeli, na namna ya kurudisha mzigo ukija na kasoro. Sauti iliyofifia kwa sababu ya nyuzi kuukuu hurudi kwa seti moja mpya. Shingo iliyojisokota hubaki hivyo, na kuitibu hugharimu kuliko gitaa lenyewe.

Nimewaandikia walioko Dar, Mwanza, Nairobi, Bujumbura na kwingineko ambako duka la vyombo vya muziki ama haliko, ama liko na lina magitaa matatu yaliyotundikwa juu yasiyoruhusiwa kuguswa.

1. Amua aina kabla ya kufungua simu

Ukianza kutazama picha kabla hujaamua, utanunua rangi. Jiulize unataka kupiga nini. Solo la rhumba, benga au dansi linataka gitaa la umeme, na bajeti yako lazima iwe na amplifaya ndani yake. Kuimba nyumbani, kanisani au kwenye sherehe ndogo, gitaa kavu, yaani lisilo la umeme, la nyuzi za chuma linatosha. Gitaa la klasiki lenye nyuzi za nailoni ni rafiki wa vidole vya mwanafunzi, ila shingo yake ni pana: karibu milimita 52 pale nyuzi zinapoanzia, wakati gitaa la nyuzi za chuma huwa na 43 au 44 hivi. Mwenye kiganja kidogo ataisikia tofauti hiyo siku ya kwanza. Mtoto wa miaka minane hadi kumi mtafutie la robo tatu, linaloandikwa 3/4.

Kuna kosa moja la wauzaji linalojirudia sana: gitaa la klasiki lililofungwa nyuzi za chuma. Seti ya kawaida ya nyuzi za chuma huvuta kwa nguvu ya kilo 70 na zaidi, ya nailoni kama kilo 40. Gitaa lililojengwa kwa mvuto wa nailoni likifungwa chuma huinuka daraja (kile kipande cha mbao juu ya uso kinachoshika nyuzi), uso hufura, na siku moja daraja hubanduka kwa kishindo. Unalitambua kwenye picha bila shida. Kichwa kina matundu mawili marefu, daraja halina vile vipini sita vya duara, nyuzi zimefungwa fundo, halafu zote zinang'aa kama waya. Nyuzi tatu nyembamba za klasiki zinatakiwa ziwe za plastiki angavu au nyeupe. Ukiliona gitaa la namna hiyo, pita. Hata likipunguzwa bei, hujui limevutwa hivyo kwa muda gani.

2. Dai jina kamili la modeli

“Gitaa la Yamaha, jipya, kali” si maelezo ya gitaa. Yamaha F310 na Yamaha FG800 zinafanana kwenye picha, lakini uso wa F310 ni wa mbao zilizobandikwa tabaka, yaani plaiwudi nzuri, na wa FG800 ni ubao mmoja wa spruce, mti wa jamii ya misonobari. Bei zao haziwezi kulingana. Lebo iko ndani ya tundu la sauti. Muuzaji aimulike kwa tochi ya simu akupigie picha. Ukishapata modeli, nenda kwenye tovuti ya kiwanda usome vipimo mwenyewe: urefu wa uzi kutoka nati (kile kijiti pale nyuzi zinapoanzia kichwani) hadi daraja, upana wa shingo, aina ya mbao.

Kwenye kusoma mbao, wengi hunaswa na maneno. Tangazo likisema uso ni “spruce” tu, hesabu kwamba ni plaiwudi yenye ngozi ya spruce juu. Viwanda vinavyoweka ubao mmoja havikosi kuandika “solid”, maana ndilo jambo linalouza.

Hata hivyo mimi sioni aibu kwenye plaiwudi, hasa kwa mtu wa Tanga, Mombasa au Unguja anayeishi bila kiyoyozi. Watengenezaji wengi hupendekeza gitaa likae kwenye unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 55. Pwani yetu hupita hapo karibu mwaka mzima, na ubao mmoja hunywa unyevu huo, ukafura na kuinua nyuzi. Plaiwudi huvumilia. Ubao mmoja una sauti pana zaidi na hukomaa kwa miaka, lakini unadai matunzo. Kama gitaa litalala ukutani karibu na dirisha, hifadhi pesa yako.

Kwa magitaa ya umeme, angalia pia urefu wa uzi. Yale ya ukoo wa Fender hutumia takriban milimita 648, ya ukoo wa Gibson kama 628. Uzi mfupi ni mlegevu kidogo chini ya vidole na freti, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, ziko karibu zaidi. Squier ni ya Fender, Epiphone ni ya Gibson; zote mbili ni magitaa halali ya bei nafuu, na kuzinunua si kununua feki.

3. Mfanye muuzaji awe macho na mikono yako

Hapa ndipo kazi yote ilipo, na hapa ndipo usione haya. Maduka makubwa ya nje yalishajua kwamba mnunuzi wa mbali anataka kuliona gitaa lenyewe: Sweetwater ya Marekani, kwa mfano, hupiga picha magitaa yake mengi moja moja na kuyaorodhesha kwa namba ya kiwandani, ili uchague lile hasa litakalokufikia. Muuzaji wa Instagram au wa tovuti ya Jiji hana utaratibu huo, basi mwekee wewe. Ujumbe wa namna hii unatosha:

“Habari za kazi kaka. Nimelipenda hilo gitaa lako. Naomba video moja bila kukata: anza na karatasi yenye jina langu na tarehe ya leo, kisha lebo ya ndani ya tundu, kisha kichwa mbele na nyuma. Halafu weka simu usawa wa kichwa, unionyeshe shingo kwa urefu mpaka kwenye daraja. Mwisho nipigie kila uzi polepole, freti moja moja hadi ya 12. Nikiridhika, leo leo namtuma mtu na hela.”

Karatasi yenye jina na tarehe inaua ujanja wa picha zilizookotwa kwingine. Sentensi ya mwisho ndiyo inayomfanya ainuke kwenye kiti. Anayekataa kabisa ama hana gitaa, ama ana gitaa asilotaka lionekane.

Video ikija, itazame kwa mpangilio huu.

Shingo. Ukiitazama kwa urefu kutoka kichwani, kingo mbili za ubao wa freti zinatakiwa zikimbie sambamba. Mpindo mdogo sana wa kuelekea mbele ni wa kawaida na hurekebishwa kwa chuma kilichomo ndani ya shingo. Ukingo mmoja ukiinuka na mwingine ukishuka, hiyo ni shingo iliyojisokota, na hicho chuma hakiisaidii.

Kimo cha nyuzi. Muuzaji hana rula ya milimita, lakini ana kadi za benki. Kadi moja ina unene wa milimita 0.76, kwa hiyo kadi tatu zikipangwa pamoja ni karibu 2.3. Mwambie azipenyeze chini ya uzi mnene kabisa, juu ya freti ya 12. Kwenye gitaa kavu la nyuzi za chuma, kadi tatu zikiingia kwa kugusagusa, umepata gitaa la kupigika. Zikiingia nne kwa raha, kuna kazi ya fundi. Zikiingia tano, vidole vyako vitalia. Klasiki huruhusiwa kuwa juu zaidi, milimita 3 hadi 4, na la umeme liwe 1.5 hadi 2, yaani kadi mbili zikwaruze.

Sasa unganisha kipimo hicho na kile kijiti cheupe kilichosimama juu ya daraja. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Nyuzi zikiwa juu na kijiti nacho kimesimama juu, fundi atakisugua kwa msasa na mambo yatakwenda sawa. Kanuni ni kwamba ukitaka kushusha milimita moja kwenye freti ya 12, unaondoa mbili kwenye kijiti. Nyuzi zikiwa juu huku kijiti kimekwisha, kimebaki kama ukucha, basi pembe ya shingo imeshaharibika. Kuirekebisha ni kuibandua shingo na kuigundisha upya, kazi ambayo kwa gitaa la bei ya kawaida haina maana. Omba picha ya daraja kwa ubavu, simu ikiwa chini kabisa usawa wa uso wa gitaa.

Daraja lenyewe. Mwambie ajaribu kupenyeza karatasi nyembamba nyuma yake. Ikipita, gundi imeanza kuachia. Uso kufura kidogo nyuma ya daraja ni kawaida kwa gitaa lililopigwa. Kubonyea kati ya daraja na tundu si kawaida.

Freti. Sikiliza noti moja moja. Mnguruo kwenye freti moja au mbili ni kazi ndogo. Noti kufa kabisa, au freti mbili jirani kutoa sauti ileile, ni dalili ya freti zilizoinuka au zilizolika. Kwa gitaa lililotumika, omba picha ya karibu ya freti tatu za kwanza: nyuzi huchimba vishimo pale ambapo watu hupiga kodi (noti kadhaa kwa pamoja) za kila siku.

Kuhusu noti kubaki sahihi ukipanda shingo, mwambie afungue programu yoyote ya tyuna kwenye simu ya pili, apige uzi wazi, kisha uzi huohuo freti ya 12. Noti iwe ileile kwa herufi, na mshale usikimbie mbali. Ukikimbia kidogo, uliza umri wa nyuzi kabla ya kulaumu gitaa.

Njia bora kuliko video zote ni mtu. Gitaa liko Dar nawe uko Mbeya? Tafuta mpiga gitaa yeyote wa kwaya au bendi aliyeko Dar, mpe nauli na hela ya soda, mtumie orodha hii.

4. Feki

Bandia nyingi hubeba majina ya Gibson, Fender na Martin, kwa kuwa hayo ndiyo yenye bei ya kutamanisha. Magitaa ya umeme yenye jina la Gibson hutengenezwa Marekani, mjini Nashville. Kwa hiyo “Gibson Les Paul mpya” inayotoka moja kwa moja Guangzhou kwa dola 200 haihitaji uchunguzi zaidi. Kwenye Les Paul halisi, kile kifuniko kidogo cha kichwani kinachoficha chuma cha shingo hushikwa kwa skrubu mbili. Bandia nyingi zina tatu. Angalia pia maandishi ya kichwani, maana herufi hukosewa unene au mkao.

Kutengenezwa China au Indonesia peke yake si dosari. Yamaha, Squier na Epiphone nyingi zinatoka huko kihalali. Dosari ni jina la uongo, kwa sababu anayeghushi jina hana sababu ya kuwa mkweli kwenye mbao na nyaya za ndani.

5. Piga hesabu ya bei kamili

Kwa ununuzi wa ndani, ongeza usafiri, seti ya nyuzi na malipo ya fundi. Kwa kuagiza nje, hesabu hubadilika kabisa, na kinachowashangaza watu ni uzito. Gitaa kavu likiwa ndani ya boksi lake lina kilo nne au tano. Wasafirishaji wa anga hawaishii hapo, wanapima ujazo. Chukua boksi la sentimita 115 kwa 50 kwa 18, zidisha, gawa kwa 5,000: unapata kilo 20.7. Wanaogawa kwa 6,000 watakupa 17.25. Ndizo kilo utakazolipia. Kwa meli, boksi hilohilo ni kama 0.1 ya mita moja ya ujazo, na wakala wa mizigo wa Guangzhou au Dubai atakutoza kwa kipimo hicho. Ni nafuu mno, ila subira iwepo.

Mwenye kuagiza gitaa la umeme ana mwanya mmoja. Magitaa ya muundo wa Stratocaster na Telecaster za Fender, pamoja na Yamaha Pacifica, yana shingo iliyofungwa kwa skrubu nne. Muuzaji anayejua kazi yake anaweza kuifungua na kupanga kila kitu kwenye boksi la sentimita 72 kwa 36 kwa 12, ambalo kwa hesabu ya 5,000 ni kilo 6.2 tu. Usimwombe hivyo muuzaji asiyejua, na usimwombe kwa gitaa ambalo shingo imegundishwa.

Kwa mzigo wa meli, forodha huhesabu ushuru kwa bei ya gitaa pamoja na usafiri na bima. Gitaa la dola 250 lililosafirishwa kwa dola 100 linatazamwa kama mzigo wa dola 350. Kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 18 Tanzania Bara, Uganda na Rwanda, na 16 Kenya. Kwa mfano huu, aliyeko Tanzania Bara analipa si chini ya dola 63 kwa kodi hiyo pekee. Inakuwa zaidi, kwa kuwa hutozwa juu ya bei iliyokwisha kuongezwa ushuru wa forodha. Gitaa liko kwenye kundi la forodha namba 9202. Mpe wakala namba hiyo aulize kiwango cha ushuru kabla hujalipa, na kama anakutajia bei ya jumla “kodi ndani”, iwe kwa maandishi.

Duka la Thomann la Ujerumani hutoa siku 30 za kurudisha mzigo, na ni sera nzuri kwa aliyeko Berlin. Ukiwa Arusha, nauli ya kurudisha inaweza kulimeza gitaa. Basi ukiagiza mbali, chagua modeli ya kiwandani inayojulikana kwa kutobadilikabadilika, na uachane na magitaa yaliyotumika.

Kama una ndugu anayerudi kutoka Marekani, sheria ya huko inayataka mashirika ya ndege ya Marekani yaruhusu gitaa ndani ya chumba cha abiria ikiwa kuna nafasi ya kuliweka abiria anapopanda. Mashirika mengine yana kanuni zao, aulize mapema.

6. Malipo

Kadi ya Visa au Mastercard ina utaratibu wa kupinga malipo ikiwa mzigo haukufika. Pesa ya simu iliyotumwa kwa namba ya mtu binafsi ikishaenda, imekwenda. Ndani ya nchi, lipia mzigo ukiwa mbele ya macho yako au ya mtu wako. Ikishindikana, lipa kwa Lipa Namba au till ya duka, na jina linalotokea kwenye simu lifanane na la duka. Muuzaji anayeanza na “tuma nusu kwanza, kuna mtu mwingine analitaka” mwachie huyo mtu mwingine.

7. Ufungaji na safari

Mahali gitaa linapovunjika ni pale kichwa kinapokutana na shingo. Vichwa vya Gibson na Epiphone vimeinama kwa nyuma, na boksi likianguka kwa mgongo hupasuka hapo. Kichwa kijazwe karatasi au sponji mbele, nyuma na pembeni, kisielee ndani ya boksi. Nyuzi zilegezwe kidogo, zisifunguliwe kabisa.

Kwa basi, begi la kitambaa halitoshi. Dai boksi gumu, liandikwe kwa maandishi makubwa GITAA, USIWEKE KITU JUU, na muuzaji amweleze wakala kwa mdomo pia, kwa sababu ndani ya buti la basi gunia la mchele halisomi. Joto la buti mchana kutwa hulegeza gundi, kwa hiyo safari ya usiku ni afadhali. Chukua picha ya risiti ya mzigo.

8. Likifika

Rekodi video tangu boksi likiwa limefungwa, bila kukata, aliyeleta akiwepo kama inawezekana. Kagua kichwa kwanza, kisha kiungo cha shingo, kisha daraja. Mkwaruzo wa rangi unazungumzika, mpasuko haupokelewi.

Kisha rudia vipimo vyote vya hatua ya tatu kwa mkono wako, na ongeza kimoja: bana uzi mnene kwenye freti ya kwanza na ya 14 kwa wakati mmoja, utazame nafasi kati ya uzi na freti ya 7. Iwepo, lakini ndogo, kama unene wa kadi ya biashara. Isipokuwepo kabisa, shingo imenyooka mno au imepinda kinyumenyume. Ikiwa kubwa, imepinda mbele. Kwenye gitaa lenye kile chuma ndani ya shingo, vyote viwili hurekebishwa kwa ufunguo wa pembe sita, robo mzunguko kwa siku, na kwa asiyejua, kwa fundi.

Usikimbilie kusugua kijiti cha daraja siku ya kwanza. Gitaa lililotoka pwani kwenda Dodoma hukauka kwa wiki kadhaa, shingo hujongea, na ncha za freti zinaweza kuanza kuchomoza pembeni na kukwaruza kiganja. Lililotoka bara kavu kuja Zanzibar hufanya kinyume. Likiwa sehemu kavu, liweke kwenye begi lililofungwa pamoja na kisahani cha plastiki kilichotobolewa chenye sponji mbichi iliyokamuliwa vizuri. Pwani, futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupiga, maana chumvi ya hewa hula chuma haraka.

Wiki tatu zikipita, funga nyuzi mpya za unene ule ambao kiwanda kimeutaja, kisha ulipeleke kwa fundi kwa marekebisho ya mwisho. Kama uliahidiwa muda wa kurudisha, fanya uchunguzi wote ndani ya muda huo na utume malalamiko kwa maandishi ukiambatanisha ile video ya kufungua boksi.